Dawa ya mwezi mmoja

Mama mmoja alikuwa amesimama mbele ya dirisha la dawa. Mkono wa kushoto umemshika mwanawe kiwiko. Kibahasha cha kaki kiko juu ya ubao wa dirisha, mdomo wazi, na kwa kidole cha mkono wa kulia anavisukuma vidonge humo ndani kimoja kimoja, midomo ikicheza. Juu ya kibahasha mtoa dawa alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: 1 × 1, usiku. Alipomaliza kuhesabu, mama alikirudisha kibahasha upande wa pili wa wavu, akamwambia binti aliyekuwa ubavuni mwake maneno ambayo sikuyaelewa.

Binti alikuwa wa umri wa darasa la sita hivi, sketi ya skuli bado mwilini. Akasimama kwa ncha za vidole ili sauti yake ifike ndani.

"Anasema hizi ni chache."

"Ni za mwezi mmoja," mtoa dawa akajibu. "Zikikaribia kwisha, mtarudi."

"Anauliza, hamwezi kutupa za miezi sita?"

Mtoa dawa hakufoka. Alieleza taratibu kwamba dawa za maradhi ya akili hazitolewi kwa wingi, kwamba kijana lazima aonwe tena, kwamba huo ndio utaratibu kwa kila mtu. Binti akafikisha. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Anauliza, na barabara ikifungwa?"

Foleni ilikuwa ndefu. "Mjitahidi, mama," mtoa dawa akasema, akaita jina linalofuata.

Jina lililofuata lilikuwa la mamangu.

Mamangu huchukua dawa za presha. Naye hupewa za mwezi mmoja, kibahasha kilekile, kalamu ileile. Sisi kurudi ni kutoka nyumbani asubuhi, nimshike mkono kwenye ngazi, na kabla ya adhuhuri tumeshafika na samaki yuko jikoni. Utaratibu ni mmoja kwa wote, na kwetu haujawahi kuwa mzigo.

Sitaitaja hospitali, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili familia ile isijulikane. Lakini swali la yule mama limenikaa kifuani kwa wiki nyingi.

Na barabara ikifungwa?

Njia ya kurudi

Walitoka upande wa Basuba. Ukiwa mtu wa Lamu, jina hilo peke yake limeshakueleza nusu ya kisa: Milimani, Basuba, Mangai, Mararani, Kiangwe, na ile barabara ya kutoka Hindi kupitia Bodhei hadi Kiunga, ambako magari ya walinda usalama yamelipuliwa kwa mabomu ya kutegwa na raia wakajifunza kuisoma njia kabla ya kuikanyaga.

Mtu wa kule hapangi safari kwa kalenda. Huuliza: kuna gari? Mvua imenyesha? Kumetulia? Majibu matatu yakikubaliana, ndipo anafunga mzigo. Lori likipatikana ni lori, pikipiki ikipatikana ni pikipiki, na nauli ni ile atakayoitaja mwenye chombo, kwa sababu hakuna mwingine wa kumuuliza.

Sasa weka juu ya njia hiyo vidonge thelathini.

Dawa za maradhi ya akili alizoandikiwa yule kijana hazifanyi kazi kwa kumezwa siku mbili tatu. Huchukua muda kukamata, na mtu akiacha ghafla huenda akakaa sawa kwa siku kadhaa, hata wiki kadhaa, kisha zile sauti zikarudi. Hapo ndipo jambo linapopotoka. Nyumbani wataona kijana alikunywa dawa, akatulia, halafu akaharibika tena. Watasema dawa ya hospitali haimfai. Jirani atakubali. Mwalimu wa kisomo atakubali. Na kwa ushahidi walio nao mbele ya macho, wako sahihi kabisa. Hakuna aliyewaonyesha kwamba kilichokatika ni safari, na dawa yenyewe haina kosa.

Mjini tunapenda kusema kwamba Waboni, jamii ya wawindaji wa zamani ambamo familia ile imetoka, na watu wa mashambani kwa jumla, huanza kwa waganga ndiyo maana wanachelewa. Nimelisikia hilo barazani zaidi ya nilivyopenda kulisikia. Kwetu hapa hapa, ndani ya nyumba za mawe, kijana akianza kuongea peke yake usiku, kinachotangulia ni kombe, yaani maji ya kunywa yaliyooshewa maandishi ya Kurani, kisomo, na dua ya Badiri ikisomwa sebuleni watu wakipewa kahawa. Sioni ubaya wake. Kisomo kinakuja mlangoni, msomaji anakaa mpaka usiku, anakula nanyi, anarudi kesho kumjulia hali mgonjwa. Mtu huanza kwa anayefika.

Alama ya kamba

Kijana alipoinua mkono kujikuna shingo, niliona kifundo chake. Alama imezunguka kama bangili, ngozi imekolea weusi, na upande mmoja bado pana gamba la kidonda kisichopona vizuri.

Ni kamba.

Wanawake wawili kwenye benchi waliiona pia. Mmoja alisonya. Nilijua amemsonya mama.

Nimewaza sana kuhusu kile kisonyo. Kutoka mlango wa chumba cha kumwonea mgonjwa, uliokuwa umeachwa wazi kwa sababu ya joto, tulikuwa tumesikia habari yenyewe sote, tutake tusitake: halali, anazungumza na wasioonekana, na usiku anatoka kwenda msituni. Mahali pengine kuzurura usiku ni shida ya familia na majirani. Kule kwao, baada ya giza, kivuli kinachotembea miongoni mwa miti huweza kupigwa risasi kabla ya kuulizwa jina, na anayepiga anaweza kuwa wa upande wowote kati ya pande mbili zenye silaha, askari na al-Shabaab. Mama anayemfunga mwanawe kamba mahali kama pale ameangalia mambo yote aliyo nayo mkononi akachagua lile ambalo asubuhi litamwachia mtoto hai.

Kumfunga mtu ni kumdhulumu, na sheria ya afya ya akili iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2022 inasimama juu ya haki na heshima ya mgonjwa. Naunga mkono kila neno la ulinzi huo. Lakini kuna ugumu ndani yake ambao siwezi kuuruka: ukimwambia mama afungue kamba, umpe kitu cha kushika badala ya kamba. Tulichompa ni vidonge vya mwezi mmoja na neno "mjitahidi".

Swali ambalo sijui kama liliulizwa

Hili ndilo lililonisumbua kuliko yote, na nilikaribia kuliacha nje.

Ndani ya kile chumba mkalimani alikuwa yule binti. Mama anajua Kiswahili cha sokoni, cha bei na salamu. Kijana anakijua vizuri zaidi, lakini siku ile alikuwa haongei na mtu asiyemfahamu. Kwa hiyo kila swali lilipita kwa mtoto wa skuli, tena dada yake mgonjwa.

Mhudumu aliuliza mambo yanayotakiwa kuulizwa, kwa utaratibu. Analala? Anakula? Anasikia sauti? Sauti zinamwambia nini? Binti alikuwa akifikisha na kurudisha. Kisha mhudumu akamwambia: "Muulize kama amewahi kufikiria kujiua."

Binti akanyamaza.

Niliweza kumwona ubavu tu kupitia mlango. Alimtazama mhudumu, akatazama viatu vyake, akamtazama mamake. Halafu akasema kitu kifupi kwa Kiaweer, lugha ya Waboni. Kijana akatabasamu kidogo, akasema neno moja. Binti akajibu kwa Kiswahili: "Amesema hapana."

Mhudumu akaandika.

Sikijui Kiaweer, kwa hiyo sijui alichouliza. Pengine aliuliza vilevile. Pengine aliuliza kama kakake ana njaa. Mimi ningekuwa na umri ule, mbele ya mamangu, mbele ya kakangu, nisingelitamka. Na kule ndani kuna karatasi yenye jibu la swali ambalo hakuna mtu mzima hata mmoja anayeweza kuapa kwamba liliulizwa.

Kumbuka pia familia nyingi zimelelewa katika hofu ya swali hilo. Mpaka Januari 2025, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya, chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu. Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba katika kesi ambayo Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili walikuwa miongoni mwa walioifikisha. Ni uamuzi mkubwa, na nilifurahi siku niliposoma habari yake. Lakini hukumu ya Nairobi haifiki kijijini siku hiyo hiyo. Kwa mama aliyezoea kuona gari la serikali likija kuuliza nani kaonekana msituni na nani kampa nani chakula, kukiri mbele ya mtu mwenye kalamu kwamba mwanawe alitaka kufa si jambo dogo.

Kuna na jambo la siri. Mgonjwa hawezi kumtaja mtu wa nyumbani kwake kupitia mdomo wa mtu wa nyumbani kwake. Mke hawezi kueleza mume anamfanyia nini ikiwa mkalimani ni shemeji. Kijana hawezi kusema alivutaje bangi, wala aliona nini siku ile kijijini kwao kuliposhambuliwa, ikiwa anayesikiliza ni mdogo wake aliyekuwa amejificha chumba cha pili.

Msitu

Nilipowasimulia rafiki zangu, mmoja alinikatiza. Alisema: nyinyi mnaita maradhi kitu ambacho ni uonevu. Mfungulieni mtu msitu wake, atapona bila kidonge.

Nililichukua neno hilo nikakaa nalo, maana lina uzito. Hifadhi za Boni na Dodori zilitangazwa mwaka 1976. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku uwindaji nchi nzima, na watu ambao maisha yao yote yalikuwa mshale na asali wakaamka wahalifu. Kabla ya hapo vita vya shifta vya miaka ya 1960 vilikuwa vimeshawatoa ndani na kuwasogeza vijijini kando ya barabara. Asali ilibaki. Wazee wao humpigia mluzi ndege wa asali, naye huwaongoza mpaka kwenye mzinga. Kisha ikaja 2014, mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vingine, zaidi ya watu 60 wakauawa, na Septemba 2015 ikaanza operesheni ya kijeshi ya Linda Boni, ambayo ilitangazwa kuwa ya siku 90 na ikaendelea kwa miaka. Kuingia msituni kukawa kujitafutia balaa. Julai 2017 ilikuwa zamu ya Pandanguo, upande wa Witu, na wanakijiji wakatoroka na watoto mgongoni.

Mtu aliyepitia hayo akikosa usingizi, akishtuka mlango ukigongwa, akikaa kutwa uani macho yako mbali, je, anaumwa? Au anaona sawasawa kilichompata?

Jibu nililofikia halimfurahishi rafiki yangu. Yote mawili yapo. Wapo wengi ambao wangepumua kama wangeruhusiwa kwenda kurina asali kwa siku zilizopangwa na kurudi salama, na kuwaandikia vidonge watu hao ni kukwepa deni. Lakini yule kijana anayesikia sauti zinazomwamuru atoke usiku ana maradhi ambayo yanapatikana Langoni hapa Lamu, Nairobi na London, yenye dawa inayojulikana, na kumnyima dawa hiyo kwa jina la siasa ni kumwongezea dhuluma ya pili. Mwenye dhiki za nje naye anaweza kuumwa.

Halafu pana aibu yetu sisi wa mjini, ambao tukitaja Waboni tunawataja kama watu wa msituni, kana kwamba kusikitika hawajui. Nimewahi kumsikia mtu mzima akisema "wale wamezoea shida." Hakuna aliyezoea shida.

Kwa sista

Mtaani kwetu anaishi muuguzi mstaafu ambaye kila mtu humwita sista, hata wajukuu zake. Nilikwenda kwake na hasira zangu nikamuuliza: kwa nini mwezi mmoja?

Alinijibu kama mtu aliyeulizwa mara nyingi.

"Kwanza, dawa nyingine mtu akizimeza zote kwa pamoja atakufa. Wewe ungempa mtu anayetaka kufa dawa za miezi sita?"

Nikanyamaza.

"Pili, zinakaza misuli. Utamwona mtu shingo imepinda, ulimi mzito, mikono inatetemeka. Nani atamtazama huko? Tatu, mwanangu, na hii ndiyo ya kweli zaidi: ukimpa mmoja za miezi sita, wengine watano watakosa. Hatupewi nyingi."

Nilidhani mazungumzo yameishia hapo. Alinimiminia kahawa. Halafu, bila kuulizwa, akaanza habari za ARV, dawa za virusi vya UKIMWI.

Miaka ya mwanzo, alisema, hata hizo zilikuwa za kuja na kurudi kila mara. Sababu zilikuwa hizi hizi: zina madhara, lazima mgonjwa aonwe, akipewa nyingi atazipoteza, atauza, atachanganya. Watu wakawa wanakosa siku zao kwa sababu ya nauli, bahari mbaya, mazishi. Waliokosa wakaugua upya. Ikafika mahali wataalamu wakakubali kwamba mgonjwa aliyetulia, anayekunywa dawa vizuri, hana haja ya kupanga foleni kila mwezi. Akapewa za miezi 3. Leo mwongozo wa Kenya unaruhusu hata 6. Pakawekwa na vikundi, mmoja akija anawachukulia wenzake.

"Kwani madhara yaliisha?" nikamuuliza.

"Hayakuisha. Tulifundisha watu kuyatambua."

Nilirudi nyumbani nikitembea polepole. Nilikuwa nimekwenda kutafuta wa kulaumu, na nikarudi na kitu kingine kabisa: nchi hii inajua kufanya jambo hili. Imeshalifanya, kwa maradhi yaliyokuwa na aibu kubwa zaidi, kwa dawa ghali zaidi, na kwa watu walioko mbali vilevile. Utaratibu wa mwezi mmoja uliundwa kwa mtu anayekaa kama mamangu. Kwa ARV ulinyooshwa ukamfikia aliye mbali. Kwa dawa za akili umeachwa ulivyo, na hata wagonjwa wenyewe wamekuwa wachache mno kupaza sauti, maana ni nani atakayeandamana na bango la kusema yeye ana wazimu?

Hoja ya kwanza ya sista inabaki na nguvu, na siichezei. Mgonjwa mpya, au mwenye mawazo ya kufa, hafai kukabidhiwa kifurushi. Lakini kifurushi kinaweza kukabidhiwa mtu mwingine, mtu mzima anayeaminiwa pale kijijini, atakayetoa kidogo kidogo. Ipo pia sindano ya dawa hizo hizo, ambayo hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, mpaka mwezi. Haihitaji friji kama chanjo. Inaingia kwenye mfuko wa muuguzi anayekwenda kuchanja watoto.

Na muuguzi huyo huenda. Zahanati za wadi ya Basuba zilipofungwa kwa sababu ya usalama, kambi za matibabu ziliendelea kufika, nyingine za wanajeshi, nyingine za mashirika. Safari Doctors, shirika aliloliongoza Umra Omar, limekuwa likibeba matibabu kwa mashua kwenda visiwani na vijiji vya mbali vya kaunti hii tangu 2015. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango tangu 2008 wa kufundisha wauguzi na wahudumu wa kawaida kutibu kifafa, sonona na maradhi ya kusikia sauti, bila kungojea daktari bingwa. Na lazima tusingojee, maana bingwa kwetu ni safari ya basi kutwa nzima, kupitia Garsen na Malindi mpaka Mombasa, na wodi ya akili ya Port Reitz ambayo watu wengi wa Pwani huitaja kwa kunong'ona.

Serikali inayajua haya. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe janga la kitaifa. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walipewa mikoba yenye mashine za kupimia presha na sukari. Presha ya mamangu siku hizi inapimwa ukumbini, na nashukuru. Yule kijana pia anaweza kuulizwa ukumbini kwao kama amelala, kama shingo imekaza, kama zile sauti zimepungua, ikiwa anayeuliza ni mtu mzima, amefundishwa, na anaongea Kiaweer.

Barua

Katiba ya 2010 haikuwasahau. Ibara ya 260 inapoeleza jamii zilizotengwa ni nani, inazitaja waziwazi jamii zilizoishi kwa kuwinda na kukusanya. Ibara ya 56 inaiagiza serikali iwe na mipango maalumu ya kuhakikisha walio wachache na waliotengwa wanafikiwa na maji, huduma za afya na miundombinu. Na tangu 2013 zahanati na hospitali za hapa ni za kaunti. Kwa hiyo mlango wa kubisha uko hapa hapa, wala haihitajiki ndege ya kwenda Nairobi.

Nikaandika barua ya maoni kuhusu Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao kwa sheria hutakiwa kufikishwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Nilianza na dawa: akiba ya kutosha ya kumpa mgonjwa aliyetulia za miezi 3. Kisha sindano ziwemo kila msafara wa chanjo. Kisha mkalimani.

Kabla ya kuipeleka nilimpa aisome mwalimu mmoja, Mboni, ambaye amefundisha kule na sasa yuko upande wa Hindi. Nilikuwa na wasiwasi ataniuliza mimi ni nani wa kuwasemea. Hakuniuliza hivyo. Alisoma akiwa amesimama, akauliza kama nina kalamu, akachora mshale kutoka chini ya ukurasa mpaka juu.

"Mkalimani mtangulize," alisema. "Mwenye mshahara. Mtu mzima, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, tuwachague sisi. Daktari akituuliza kupitia watoto wetu, hata dawa atakayoandika itakuwa ya mtu mwingine."

Akaongeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: simu. Mkalimani hana haja ya kukaa hospitalini kutwa. Palipo na mtandao, mhudumu ampigie, mgonjwa ashike simu mwenyewe, mlango ufungwe. Gharama yake ni posho na muda wa maongezi.

Tulibishana kidogo kuhusu asali. Yeye alitaka barua iombe siku maalumu za kurina, kwa makubaliano na vikosi, kama sehemu ya afya. Mimi niliona idara ya afya itasema hilo haliwahusu. Alisema, basi na waseme kwa maandishi. Tumeiweka. Ni kipengele cha nne, kwa maneno yake mwenyewe, na sikugusa hata nukta.

Barua inakwenda kwa karani wa bunge la kaunti, nakala kwa idara ya afya na kwa mwakilishi wa wadi. Kama wewe ni wa Basuba, Bargoni au Pandanguo, au una mgonjwa nyumbani unayemfuatia dawa kila mwezi kutoka mbali, niandikie nikutumie uisome na uongeze jina lako, au ubadilishe tulichokosea. Ukiona afadhali kusema kwa Kiaweer, mwalimu amekubali kupokea sauti kwa simu na kuziandika.